Mbili na Nusu

Jumanne moja ndiyo, moja siyo, kabla ya kahawa,
Hinke huegesha baiskeli yake ukutani,
humshika Wiebren kidole kama anayechagua karoti,
humchoma.
Tone moja. Kimashine kinafikiri.
Sisi watatu tunakikodolea macho.
Mbili nukta nne. Vizuri.

Chini ya mbili, damu inakumbuka kuganda.
Juu ya tatu, inasahau.
Tunaishi hapo katikati,
kwenye ujia mwembamba kuliko korido ya nyumba hii,
na tumezeeka humo miaka sita.

Moyo wake ulianza kwenda ovyo usiku mmoja wa Novemba,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani
asiyejua vimebaki vidato vingapi.
Daktari alituchorea nyuma ya bahasha:
chumba cha moyo, kijikona,
damu imetuama humo kama maji ya mtaro.
Ikituama, inaganda. Ikiganda, inasafiri.
Ikisafiri…
akaielekeza kalamu kichwani pake, hakumaliza.
Hakuhitaji. Kaka yake Wiebren, Durk,
yuko dirishani mwaka wa tisa
akilitafuta neno siagi.

Basi kidonge, kila siku, saa mbili usiku.
Binamu wa kidonge hicho ndiye sumu ya panya
aliyokuwa akiinyunyiza baba zizini.
Nilipomwambia, Wiebren alicheka:
panya hakuuawa na sumu, aliuawa na kipimo.

Nami nikawa mtu wa vipimo.
Mswaki laini. Wembe wa umeme.
Kona za meza nimezivika soksi kuukuu.
Akigonga kiwiko mlangoni, kesho yake
mkono umechanua zambarau hadi kwenye saa.
Sukumawiki hakukatazwa, ila iwe kiasi kilekile,
gramu mia na hamsini, kila Alhamisi,
naipima kwa mizani ya unga
huku nikiona haya mbele ya mboga.

Kisha Februari hii mfereji ukaganda.
Baada ya miaka mingapi? Kijiji kizima kilishuka,
hata mchungaji, hata mbwa wa mchungaji.
Viatu vyake vya barafu vilikuwa msumarini,
vyuma vimenolewa. Lini? Na nani? Sikuuliza.
Kitandani akanong'ona:
Jeltsje, nikiviacha vidonge siku nne tu,
nikianguka nitakuwa nimeanguka kama watu wengine.

Sikulala. Nilisikia maanguko mawili.
Moja la barafuni, kisogo kikigonga,
na ndani damu isiyojua pa kukomea.
La pili halina kishindo:
jikoni, kikombe mkononi,
nusu ya mdomo ikiteremka yenyewe.
Mizani yangu ya unga mwisho wake kilo tatu.

Asubuhi nikampigia Hinke.
Vidonge haachi, alisema, hata kimoja.
Kuhusu barafu, mimi si mama yake.

Basi alimeza cha saa mbili, nikitazama koo.
Kesho yake akavaa kofia ngumu ya mjukuu, nyekundu,
akabeba kiti cha jikoni hadi mfereji,
akakishika mgongo na kukisukuma
kama watoto wa hapa wanavyojifunza.
Kilikuwa chepesi mno, kilimkimbia.
Nikaenda nikakikalia.

Sikuuona uso wake.
Nilisikia vyuma vikikwaruza, kimoja kirefu, kimoja kifupi,
na pumzi yake shingoni mwangu, ya moto, isiyo na mpango.
Tulifika hadi daraja la pili.
Kulikuwa na kibanda, supu ya njegere,
na vigilasi vidogo vya kitu kisicho supu.

Jumanne, kidole. Tone. Kimashine.
Tatu nukta tatu.
Hinke akainua uso. Mmekunywa nini?
Wiebren akakitazama kiti.
Nusu kidonge leo, akaandika,
na pamba ile aliibana kidoleni
muda mrefu kuliko kawaida.